Maridhiano yalifika Ikulu, hayakufika kwa sheha

Mwishoni mwa Januari 2001 Wazanzibari zaidi ya 2,000, wengi wao Wapemba, waliingia kwenye mashua na ngarawa wakavuka hadi Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, kuomba hifadhi. Tanzania iliyozoea kuwapokea Warundi, Wakongo na Wamsumbiji, safari hii ndiyo iliyotoa wakimbizi. Walikuwa wakikimbia yaliyotokea tarehe 26 na 27 za mwezi huo, pale polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji wa CUF, chama kikuu cha upinzani Zanzibar, waliodai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe. Waliouawa walizidi 30, miongoni mwao askari polisi aliyeuawa Micheweni.

Miaka minane baadaye, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume wa CCM alimkaribisha Ikulu ya Zanzibar Maalim Seif Sharif Hamad, Katibu Mkuu wa CUF ile ile. Mapatano yaliyozaliwa hapo ndiyo yaliyoitwa Maridhiano. Mwaka uliofuata vyama vyao viliunda serikali moja. Kufikia Machi 2016 serikali hiyo ilikuwa imekwisha.

Zanzibar haikupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kama Msumbiji au Liberia, na sipendi kuyakuza mambo kuliko yalivyokuwa. Hata hivyo, anayefuatilia namna dola na jamii zinavyojengwa upya baada ya vita atayakuta hapa mambo yale yale: serikali ambayo karibu nusu ya wananchi hawaioni kuwa yao, vikosi vinavyoonekana vya upande mmoja, vifo ambavyo hakuna aliyevijibia, na majirani waliokatana. Jambo jengine linalonifanya nikijali kisa hiki ni kwamba mapatano ya 2009 hayakuletwa na mjumbe wa Umoja wa Mataifa wala msuluhishi kutoka nje. Yalipikwa na Wazanzibari wenyewe, nyumbani kwao, kwa lugha yao. Ndiyo maana yalivyoishia kunauma mpaka leo.

Kususiana

Atakayesoma matokeo ya chaguzi peke yake hatauona ugonjwa wenyewe. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995 Dkt. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif, tofauti isiyofika kura 2,000. CUF ilikuwa imechukua majimbo yote 21 ya Pemba. Wawakilishi wake wakasusia vikao vya Baraza la Wawakilishi, na wananchi nao wakasusa kwa namna yao.

Mwenye duka aliyekuwa upande wa pili hakununuliwa. Watu walichaguana hata gari ya kupanda na kisima cha kuteka maji, na zipo ndoa zilizovunjika. Lililokuwa zito zaidi ni maziko. Kijijini Pemba maiti hubebwa kwa mabega kutoka nyumbani hadi msikitini, na kutoka msikitini hadi kaburini, watu wakipokezana jeneza kila baada ya hatua chache ili kila mmoja apate sehemu yake ya thawabu. Kwa sheria ya dini, wakijitokeza watu wa kutosha, wengine wameshasamehewa. Lakini kila mtu pale anajua nani hakuja, na familia iliyofiwa haisahau. Kijiji kikifika mahali mtu anahesabu kwanza kadi ya chama ya marehemu kabla hajatia bega lake chini ya jeneza, hapo hakuna tena jamii ya kuitawala, hata kama bendera inapandishwa kila asubuhi kwenye ofisi ya wilaya.

Dola nayo haikukaa kimya. Watumishi wengi wenye asili ya Pemba walipoteza kazi serikalini baada ya uchaguzi ule. Wanachama 18 wa CUF walishitakiwa kwa uhaini na kukaa ndani mpaka Novemba 2000. Kila upande ulikuwa na orodha yake ya machungu, na orodha hizo zilianza zamani. Wengine waliikumbuka Juni 1961, ghasia za uchaguzi zilipoua watu 68. Watu wa ASP, mojawapo ya vyama viwili vilivyokuja kuzaa CCM, walikumbuka Julai 1963, walipopata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikaenda kwa muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP. Wengine walizikumbuka siku zilizofuata Mapinduzi ya Januari 1964, waliouawa na waliopotea, na bakora walizochapwa Wapemba hadharani katika miaka ya mwanzo ya utawala mpya. Mtoto aliyezaliwa Kengeja na mwenzake aliyezaliwa Makunduchi walisimuliwa historia mbili tofauti za visiwa hivi hivi.

Kwa nini mara hii iliwezekana

Kabla ya 2009 palikuwa na Muafaka, yaani makubaliano ya CCM na CUF, mara mbili. Wa kwanza ulisainiwa Juni 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, wakati Emeka Anyaoku akiwa Katibu Mkuu wake, na ulikufa kabla ya uchaguzi wa mwaka uliofuata. Wa pili ulisainiwa Oktoba 2001, damu ya Januari ikiwa bado mbichi. Huu angalau ulizaa vitu vya kushikika: tume ya uchunguzi chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, wajumbe wa upinzani ndani ya Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na uchaguzi mdogo wa Pemba wa Mei 2003. Bado yalikuwa makubaliano ya vyama viwili. Chama kikiamua kuvuta miguu, mwananchi hakuwa na pa kushika.

Rais Jakaya Kikwete alipoingia madarakani mwishoni mwa 2005 aliutaja mpasuko wa Zanzibar kuwa jambo linalomsononesha, na mazungumzo mapya ya CCM na CUF yakaanza. Yalikwama Butiama, Machi 2008. Halmashauri Kuu ya CCM ilisema kugawana madaraka lazima kwanza wananchi waulizwe kwa kura ya maoni. CUF iliona hiyo ni mbinu ya kuua mazungumzo, ikajitoa.

Sehemu hii naomba msomaji aitazame vizuri. Kura ya maoni iliyoingizwa Butiama kama sharti, na kukataliwa kama kikwazo, ndiyo iliyokuja kuwa nguvu kubwa ya Maridhiano. Karume na Maalim Seif walipokutana, Karume akiwa amebakiwa na mwaka mmoja tu na hawezi kugombea tena, hawakuandika Muafaka wa tatu. Maalim Seif alikwenda kwa wanachama wake kuwaambia kwamba sasa CUF inamtambua Karume kuwa Rais, jambo ambalo chama kilikuwa kimelikataa tangu uchaguzi wa 2005. Haikuwa hotuba nyepesi kwa mtu aliyewahi kuwekwa kizuizini na ambaye wafuasi wake walizikana mwaka 2001. Januari 2010 Baraza la Wawakilishi lilipitisha hoja binafsi ya Abubakar Khamis Bakary, kiongozi wa upinzani barazani, iliyofungua njia ya kura ya maoni. Pembeni ilifanya kazi kamati ya watu sita, watatu kila upande, ikiongozwa na Mzee Hassan Nassor Moyo, mwanamapinduzi wa 1964. Kuwa na mtu wa 1964 mwenyewe akisimama kuwaambia wana-CCM kwamba kushirikiana na CUF si kuyasaliti Mapinduzi kulikuwa na uzito ambao hakuna mjumbe wa nje angeupata.

Tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya waliopiga kura walisema ndiyo. Mwezi uliofuata yakapita Marekebisho ya 10 ya Katiba ya Zanzibar. Nafasi ya Waziri Kiongozi ikafutwa. Pakawa na Makamu wa Kwanza wa Rais kutoka chama kilichoshika nafasi ya pili, na Makamu wa Pili kutoka chama cha Rais, ambaye ndiye kiongozi wa shughuli za serikali barazani. Uwaziri ukagawanywa kwa uwiano wa viti. Na vifungu vya msingi vikafungwa visiguswe bila kurudi tena kwa wananchi.

Katika uchaguzi wa 31 Oktoba 2010 Dkt. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1. Kwa tofauti ya kura zisizofika 4,000, miaka mitano nyuma tungekuwa tunazungumza habari ya mabomu ya machozi. Maalim Seif alikwenda hoteli ya Bwawani, yalikotangazwa matokeo, akayakubali na kumpongeza mshindani wake. Hakuna aliyekimbilia Shimoni.

Bei ya karafuu, na meli

Yalitokea mabadiliko ya kweli, na si haki kuyasahau kwa sababu tu mwisho ulikuwa mbaya. Watu walianza kuzikana, kualikana na kukaa baraza moja. Kasi yake ilinifundisha kwamba chuki nyingi ya vijijini ilikuwa ikilishwa kutoka juu. Juu walipoacha kuilisha, chini ilikonda.

Chukua karafuu, ambayo sehemu kubwa hutoka Pemba. Kwa miaka mingi Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, ndilo pekee lenye haki ya kununua, na bei yake ilikuwa chini sana ya ile ya soko la dunia. Mkulima alianika karafuu zake juu ya jamvi mchana, na usiku magunia yakashuka bandari bubu kuelekea Kenya. Serikali ilijibu kwa doria. KMKM yenyewe ilizaliwa kama Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Kwa Mpemba, basi, dola ilikuwa mtu mwenye bunduki anayezuia jasho lake lisipate bei. Mwaka 2011 serikali ya umoja ilipandisha bei ya karafuu bora hadi shilingi 15,000 kwa kilo, kwa ahadi kwamba mkulima atapata asilimia 80 ya bei ya nje. Ni kweli kwamba bei ya dunia nayo ilikuwa imepanda mwaka huo, na doria hazikuondolewa. Lakini foleni za wakulima kwenye vituo vya ZSTC zilikuwa jambo jipya. Mtu aliyekuwa akiikimbia serikali usiku alikwenda kwake mwenyewe mchana, akapima, akapokea fedha zake taslimu. Sijui njia bora zaidi ya dola kurudisha mamlaka yake kuliko kumfanya mwananchi aone faida ya kuitii.

Msiba wa MV Spice Islander ulionesha pande mbili za hali ile. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli hiyo, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba na watu wengi mno kuliko uwezo wake, ilizama karibu na Nungwi. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na wengi zaidi hawakuonekana tena. Katika viwanja vya Maisara, ambako maiti zilipangwa ili zitambuliwe, hakuna aliyeuliza chama. Viongozi wa pande zote walisimama pamoja. Wakati huo huo msiba ule ulisema jambo jengine: serikali ilikuwa ya umoja, lakini meli ilijazwa bandarini vile vile ilivyokuwa ikijazwa zamani. Kugawana mawaziri hakukuwa kumebadilisha namna ofisa wa chini anavyofanya kazi yake.

Ofisi ya sheha

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki kwa maoni yangu. Mzanzibari wa kawaida hakutani na Rais wala Makamu wa Rais. Dola yake ni sheha, mkuu wa shehia, ngazi ya chini kabisa ya serikali. Ukitaka cheti cha kuzaliwa cha mwanao, barua ya sheha. Ukitaka kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, sheha athibitishe kwamba anakujua na unaishi hapo. Mgogoro wa kiwanja, mkopo, nafasi ya masomo, pasipoti, mgeni aliyelala kwako: yote hupita kwenye kile chumba kidogo chenye meza, muhuri na daftari.

Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1998 ilimpa Mkuu wa Mkoa mamlaka ya kumteua sheha, na Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais. Wananchi wa shehia hawamchagui. Maridhiano yaligawa baraza la mawaziri, lakini wakuu wa mikoa na wa wilaya walibaki nje ya mgao, na kwa hivyo masheha nao wakabaki. Wakati Juma Duni Haji wa CUF alipokuwa Waziri wa Afya na Abubakar Khamis Bakary akiwa Waziri wa Katiba na Sheria, katika shehia ambayo CUF ilipata karibu kura zote mtawala wa karibu alikuwa bado mtu aliyewekwa na chama kilichoshindwa hapo.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye safari ya kura. Sheria ya 2005 ilianzisha kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na baadaye mtu hawezi kuandikishwa katika Daftari bila ya kuwa nacho. Juu yake lipo sharti la kuwa umeishi jimboni miezi 36. Nani anajua kama umeishi miezi 36? Sheha. Kijana anakwenda na cheti chake cha kuzaliwa, babu yake kazikwa nyuma ya nyumba ile ile, na jibu linaweza kuwa maneno mawili tu: "Mimi sikujui." Hakuna risasi hapo wala bomu la machozi, hakuna picha ya kupeleka kwenye gazeti. Lakini mtu huyo anarudi nyumbani akiwa ameambiwa na dola kwamba yeye hayupo. Mwaka 2009, miezi michache tu kabla ya Karume na Maalim Seif kukutana, uandikishaji Pemba ulisimamishwa kwa sababu ya mvutano juu ya kitambulisho hicho hicho. Ishara ilikuwepo, tena mbichi, na wapatanishi waliipita.

Lazima niseme na upande wa sheha mwenyewe, kwa kuwa wengi hatuutaji. Masheha wa Pemba walikuwa miongoni mwa waliosusiwa vibaya kabisa. Zipo nyumba zao zilizochomwa, na visima vyao viliwahi kutiwa kinyesi. Mtu aliyeishi hivyo, akiwa na watoto wake kijijini, hawezi kuamini kwamba jirani zake wakishika serikali atasalimika. Maridhiano hayakumpa yeye pia neno lolote la kumtoa hofu. Hakukuwa na utaratibu wa kuwakutanisha sheha na watu wake, kusema yaliyopita, kuombana radhi. Hakukuwa na tume ya ukweli juu ya 1964 wala juu ya 2001. Mwaka 2009 naelewa kwa nini walichagua kunyamaza; kufungua majeraha yote kwa pamoja kungeweza kuua mazungumzo. Lakini walikuwa na miaka mitano ya utulivu baada ya hapo, na ilipita bila ya kutumika.

Vikosi ni hadithi ile ile. Vile vya Serikali ya Zanzibar, yaani KMKM, JKU, Mafunzo, Valantia na Zimamoto, vilibaki kama vilivyokuwa, bila ya mjadala juu ya nani anaajiriwa na kwa njia gani. Warundi, katika Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, walijua kwamba bila ya kugusa jeshi hakuna amani, wakaandika kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu ndani yake. Sisi tuliogopa hata kulitaja jambo hilo.

Na wale asilimia 33.6 waliosema hapana? Theluthi ya wapiga kura. Hawakuwa watu wabaya. Wengi wao walikuwa wana-CCM wa mashamba ya Unguja ambao kwao Mapinduzi ni ardhi waliyopewa, ekari tatu zenye mikarafuu au minazi, na hofu ya kuzipoteza ni hofu ya kweli. Nani alikwenda kukaa nao? Hofu yao ilibaki ndani ya chama, ikangoja. Mansour Yussuf Himid, mmoja wa wana-CCM waliokuwa katika ile kamati ya sita, alifukuzwa uanachama Agosti 2013 kwa msimamo wake juu ya muundo wa Muungano. Mzee Moyo mwenyewe akafukuzwa Aprili 2015. Kufikia uchaguzi uliofuata, ndani ya chama tawala waliokuwa na moyo wa Maridhiano hawakuwa na sauti tena.

Oktoba 2015 na baada yake

Uchaguzi ulifanyika tarehe 25 Oktoba. Matokeo ya majimbo yalianza kusomwa. Tarehe 26 Maalim Seif aliwaambia waandishi kwamba kwa hesabu za chama chake ameshinda. Tarehe 28, kabla ya kazi kumalizika, Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alitangaza kwamba uchaguzi wote wa Zanzibar umefutwa. Kura za Rais wa Muungano na za wabunge, zilizopigwa siku ile ile, na watu wale wale, katika vituo vile vile, zikabaki halali.

Yalifuata mazungumzo ya Ikulu kati ya Dkt. Shein, Maalim Seif na marais wastaafu. Hayakufika popote. Uchaguzi ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ikasusia, na Dkt. Shein akapata asilimia 91.4. Siku nane baadaye shirika la Marekani la MCC lilisimamisha msaada wa dola milioni 472 kwa Tanzania, na uchaguzi huo ukiwa moja ya sababu zilizotajwa.

Katiba haikuchanwa, na hili linanisumbua kuliko yote. Ilikuwa na sharti kwamba chama kipate angalau asilimia 10 ya kura za urais ndipo kitoe Makamu wa Kwanza. Hakuna kilichofika hapo, kwa kuwa chama cha pili kwa ukubwa hakikuingia. Nafasi ikabaki tupu, viongozi wachache wa vyama vidogo wakapewa uwaziri, na kwa maandishi kila kitu kilikuwa sawa. Waandishi wa Marekebisho ya 10 waliweka kinga dhidi ya kubadilisha katiba bila ya wananchi. Hawakuweka kinga dhidi ya tume inayofuta kura za wananchi wenyewe.

Vijijini Pemba kususiana kulirudi ndani ya wiki chache. Katika kipindi kile cha uchaguzi watu waliofunika nyuso, ambao mitaani waliitwa mazombi, walizunguka usiku Unguja wakipiga watu. Agosti 2016 alifariki Mzee Aboud Jumbe, Rais wa pili wa Zanzibar. Katika msiba wake Dkt. Shein alimnyooshea mkono Maalim Seif, na Maalim akakataa kuupokea, mbele ya watu wote. Watu walibishana kwa miezi nani alikosea. Mimi naona ubishi ule ulikosa shabaha. Mtu aliyewahi kwenda Bwawani kumpongeza mshindani kwa tofauti ya asilimia moja hakukosa adabu ya kushika mkono. Aliona kwamba mkono ule hauna tena kitu nyuma yake, na hakutaka kuwadanganya wanaomtazama.

Wamsumbiji wanaweza kutufundisha hapa. Walipigana miaka 16, hadi Mkataba wa Roma wa Oktoba 1992. RENAMO, waasi waliogeuka chama cha upinzani, iliingia bungeni, na mwaka 1994 ikaongoza kwa kura katika mikoa kadhaa ya kati na kaskazini. Lakini magavana wa mikoa hiyo waliendelea kuteuliwa na Rais kutoka FRELIMO, chama tawala. Mapigano yalirudi 2013, na suala la magavana likawa miongoni mwa madai makubwa ya RENAMO. Ilichukua mpaka 2019 kwa magavana kuanza kupatikana kwa uchaguzi. Miaka 27 kujifunza kwamba mtu aliyeshinda mahali lazima aone alama ya ushindi wake pale pale mahali. Sheha wetu ni mdogo kuliko gavana wao, lakini kazi yake machoni pa mwananchi ni ile ile.

Serikali ya umoja ilirudi Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwengine wenye damu Pemba. Maalim Seif, sasa akiwa katika chama cha ACT-Wazalendo, alipewa matokeo ya asilimia 19.87 dhidi ya 76.27 za Dkt. Hussein Ali Mwinyi wa CCM, akayakataa, kisha akakubali kuwa Makamu wa Kwanza. Wengi walimlaumu, na wengine walimshukuru. Alifariki tarehe 17 Februari 2021 na kuzikwa kwao Mtambwe, na nafasi yake ikachukuliwa na Othman Masoud Othman, mwanasheria aliyeondolewa katika wadhifa wa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar mwaka 2014 baada ya kupinga baadhi ya vifungu katika Bunge Maalum la Katiba. Mlango wa Ikulu ulifunguka kwa mara ya pili, na kwa mara ya pili sheha aliachwa vile vile.

Kumpata sheha kwa kura za watu wa shehia yake hakuhitaji kubadilisha Katiba, wala kura ya maoni, wala ruhusa ya Dodoma. Uteuzi wake umo katika sheria ya kawaida ya Zanzibar. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wanaweza kuurekebisha kwa wingi wa kawaida, pale kwenye jengo lao Chukwani, katika kikao kimoja. Anayesema Maridhiano bado yapo apeleke mswada huo kwanza.